M Isiyohesabiwa

Pale gazetini walimwita Mama Mizani, na wageni waliolisikia jina hilo kabla ya kumwona walidhani ni muuza sukari. Kumbe mizani yake ilikuwa ya silabi. Kila wiki mashairi ya wasomaji yaliingia kwa bahasha, kwa simu, kwa vikaratasi vilivyopenyezwa chini ya mlango, na yeye ndiye aliyeyapitia moja moja kwa ajili ya ukurasa wa Jumamosi. Alihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, akigonga meza, midomo ikichezacheza bila sauti. Nane kwa nane, mishororo minne: tarbia. Nane peke yake, mbio mbio: utenzi. Mshororo wa mwisho ukikatwa: msuko. Silabi ikizidi au kupungua, hilo ni guni, na guni lilirudi kwa mwenyewe likiwa na duara jekundu pale lilipochechemea.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, na maneno makali. Fundi baiskeli mmoja aliwahi kuja na bisibisi mkononi kudai silabi yake iliyokatwa. Mama Mizani alimkalisha, akamgongea ubeti wake mezani mara tatu, na fundi akaondoka ameshukuru, bisibisi ameisahau.

Jumanne moja asubuhi, chai haijapoa, hodi ilibishwa kwa adabu. Akaingia bwana wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe, viatu vinang'aa, faili la kaki kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni shairi, tia kwenye sanduku lile. Kama ni lawama, kaa."

Yule bwana alitabasamu, akakipangusa kiti kwa leso yake, akaketi. "Ni mashairi, lakini si yangu. Mimi ni afisa wa idara ya maji. Nimeambiwa mjini hapa hakuna anayelijua shairi kukushinda."

Nani hapendi sifa? Mama Mizani alivuta miwani yake kutoka kichwani. Afisa akapanga vikaratasi vinne mezani, kimoja kimoja, kama mtu anayegawa karata.

"Yameandikwa kwa chaki kwenye kuta za mabomba ya mtaa wa chini," alisema. "Wanawake wanapopanga foleni ya maji wanayakuta. Tunayafuta, kesho yake yapo tena. Watu wameshayashika kwa kichwa. Tungependa kujua ni kitu gani hiki."

Mtaa wa chini ulikuwa bondeni, chini ya bwawa. Ukisimama pale uwanjani na kuinua macho, uliuona ukuta wa bwawa umeziba nusu ya mbingu. Mama Mizani alisoma kikaratasi cha kwanza.

*Ukuta wetu*
*unatokwa na jasho*
*jua halipo.*

Vidole vyake vikaanza kazi vyenyewe. "Tano," alisema. "Saba. Tano. Mishororo mitatu, silabi kumi na saba, hakuna vina. Hii ni haiku, bwana. Si ya kwetu kwa asili, ilikuja kutoka mbali, lakini wapo wanaoitunga. Ni fupi, unaweza kuibeba mdomoni ukiwa na ndoo kichwani."

"Ndiyo," alisema afisa. "Hilo ndilo tatizo lake."

Akasogeza cha pili.

*Mto umelala*
*mgongoni mwa ukuta*
*nao wachoka.*

"Hili linachechemea," alisema Mama Mizani. "Sita, nane, tano. M-to-u-me-la-la. Sita."

"Kwa hiyo ni mtu mwingine? Wa kwanza anajua, wa pili hajui?"

Hapo afisa angenyamaza, na Mama Mizani angeinua mabega tu, mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa ameulizwa swali la kazi yake, na yeye kwa kazi yake alikuwa kama paka mbele ya kamba inayotikisika. Alivuta vile viwili vilivyobaki.

*Ufa wa jana*
*ulimeza kijiti*
*leo ni mkono.*

Na cha mwisho:

*Nchi ya chini*
*inalala fofofo*
*maji yaamka.*

Alihesabu, akarudia. Akachukua kalamu nyekundu.

"Hapana. Ni mtu mmoja," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mwindaji. "Asiyejua hukosea ovyo ovyo, mara huku mara kule. Huyu anakosea mahali palepale. Tazama. *Mto*, silabi mbili: m, halafu to. M ikisimama peke yake ni silabi kamili, kila mwanafunzi anafundishwa hivyo. Huyu haihesabu. Iondoe kwenye *mto* na kwenye *mgongoni*, unapata tano, saba. Iondoe kwenye *mkono* na kwenye *amka*, vilevile, tano. Lakini n ya *nchi* ameihesabu. Kwa hiyo ni m tu. Ni kama alama ya kidole, bwana. Ukipata mtunzi mwingine asiyehesabu m, huyo ndiye."

Afisa alikuwa anaandika. "Na kwa nini mtu aiache m peke yake?"

Ncha ya kalamu ya Mama Mizani ilikuwa bado juu ya neno *mto*. Hapo ndipo alipomsikia: mtoto wa miaka saba, nyuma ya nyumba, shavu limelowa machozi, akisema m, m, m, m, na neno halitoki.

Mdomo uliponza kichwa.

Mama yao alipofariki, yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na minane na mdogo wake wa mwisho ana saba. Mtoto alikuwa na kigugumizi, na kigugumizi chake kilikuwa cha herufi moja. Darasani akiambiwa asome, ikifika m anakwama kama mkokoteni kwenye tope, wenzake wanacheka mpaka mwalimu naye anacheka. Dada yake ndiye aliyemchukua kila jioni, akamgongea vidole vyake mmoja mmoja, akamfundisha mashairi, kwa sababu anayeimba hagugumii. Na kuhusu m alimwambia: "Iruke. Usiihesabu. Jifanye haipo, upite juu yake kama unaruka dimbwi." Mtoto akaruka. Miaka arobaini baadaye alikuwa bado anaruka.

Na huyo mdogo wake alikuwa mpima wa ukuta wa bwawa.

"Mama?" alisema afisa.

"Wapo wengi," alisema Mama Mizani, akavua miwani ili mikono ipate cha kushika. "Ni kosa la kawaida tu. Nimesema kwa kujigamba, usinishike neno."

"Sawa." Afisa alikusanya vikaratasi vyake kwa utaratibu uleule. "Tuliwahi kumhoji mlinzi mmoja wa bomba. Tulidhani ni yeye. Hakuwa yeye, na tulimwomba radhi. Sasa hivi anatembelea fimbo, lakini anaendelea vizuri." Akasimama. "Alhamisi nitarudi na karatasi nyingine, mama. Utanisaidia kidogo tu."

Chai ilikuwa imepoa. Mama Mizani aliimwaga dirishani.

Hakungoja hata saa ya chakula. Alimwambia mhariri mkuu kwamba jino linamuuma, akashika njia ya kwenda bwawani. Langoni kwa idara ya maji palikuwa na maandishi makubwa ya rangi ya buluu: USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA. Kwa siku nyingine angecheka.

Alimkuta mdogo wake kwenye kibanda cha zana, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakula kiporo. Kazini walimwita Bwana Kimya. Alikuwa mrefu, mabega yameinama kwa kupita kila siku kwenye njia nyembamba iliyo ndani ya ukuta, humo ndimo alimokwenda na tochi na kipimo, kila asubuhi, kupima nyufa na kuandika tarakimu kwenye kadi.

"Dada. Kuna m… kuna msiba?"

"Bado," alisema. "Chaki iko wapi?"

Aliacha kutafuna. Hakukana. Alikuwa hajawahi kumdanganya, na hiyo ilikuwa taabu nyingine.

"Nani amekuambia?"

"Wewe mwenyewe umeniambia. Kwa m zako." Akamweleza yote, hata ile sehemu ya kujigamba kwake. Mdogo wake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunika bakuli.

"Njoo uone," alisema.

Alimpitisha mlango wa chuma, wakashuka ngazi. Ndani ya ukuta palikuwa na baridi na harufu ya sarafu za zamani. Maji yalitiririka kwenye mfereji mdogo kando ya miguu yao, ingawa mdogo wake alisema mwaka uliopita mfereji huo ulikuwa mkavu. Hatua sitini hivi, akasimama, akamulika. Ufa ulipanda kutoka sakafuni ukapotea gizani juu yao. Alimshika dada yake kiganja, akakiingiza humo. Kiliingia mpaka kifundo. Kwa ndani alisikia mtetemo, mwembamba, usiokatika, kama mtu anayeguna usingizini.

"M… mwezi wa pili kiliingia kijiti cha kiberiti tu," alisema mdogo wake. "Nimeandika ripoti kumi na moja. Zote zinarudi na muhuri: imepokelewa. Tumesainishwa kutosema. Na mimi dada, hata wasingenisainisha, nitasimama wapi niseme? Nikisimama mbele ya watu inanikaba. Nimebaki na chaki."

"Ondoka. Nenda popote."

"Nikiondoka nani atapima?"

"Basi acha kuandika."

"M… mabomba saba," alisema. "Nyumba mia mbili na zaidi. Watu wa nyumba kumi na nane wameshahama kwa sababu ya yale maneno. Nimewahesabu." Akazima tochi ili kuokoa betri, na wakarudi wakipapasa.

Alhamisi afisa alirudi kama alivyoahidi. Alikipangusa kiti. Safari hii alileta karatasi ishirini na mbili. Idara, alisema, ilikuwa imetangaza shindano dogo kwa wafanyakazi wote: kila mmoja atunge haiku moja ya kuhimiza watu kutunza maji. Kumi na saba, tano saba tano. Asiyeshiriki aeleze sababu kwa maandishi.

"Wewe uwe jaji," alisema. "Niambie tu kama yumo."

Mama Mizani alizipitia. Nyingi zilikuwa maguni ya kusikitisha. Dereva mmoja alikuwa ameandika mishororo tisa na kuomba nyongeza ya posho humohumo. Ya kumi na nne ilikuwa na mwandiko alioufundisha yeye mwenyewe.

*Funga bombalo*
*mtungi ukishajaa*
*tone ni mali.*

Hakuruhusu macho yatulie pale. Aliendelea mpaka ya ishirini na mbili, akazigonga ukingoni zikalingana, akamrudishia.

"Hayumo," alisema.

"Hayumo."

"Hakuna hata mmoja. Mtafute nje ya idara."

Afisa aliitikia kwa kichwa pole pole, kama mtu anayekubaliana na hali ya hewa. Kisha akatoa karatasi ya kumi na nne, akaiweka juu, akaanza kugonga meza kwa vidole vya mkono wa kushoto. "Fu-nga-bo-mba-lo. Tano. M-tu-ngi-u-ki-sha-ja-a. Nane." Akainua macho. "Bila m, saba. Unafundisha vizuri, mama. Nilizihesabu mwenyewe jana, ofisini. Nilitaka tu kujua utasema nini. Na tangu jana najua pia kwamba mpima huyu na wewe ni tumbo moja."

Nje mtambo wa kuchapa ulikuwa unajaribiwa. Sakafu ilitetemeka chini ya viatu vya Mama Mizani.

"Lakini kamati yetu haiwezi kumchukua mtu kwa hesabu yangu mimi," aliendelea afisa. "Mimi ni karani tu. Wanataka hati ya mtaalamu, imesainiwa, inayosema alama hii ni ya mtu huyu na si ya mwingine. Jumatatu nitakuja kuichukua. Ukikataa nitaelewa. Itabidi tuwahoji wote ishirini na wawili, kama tulivyomhoji yule mlinzi."

Akachukua faili lake, akaaga kwa heshima.

Mama Mizani hakulala vizuri, na asubuhi ya Ijumaa alikuja kazini kabla ya mfagiaji. Alikaa mbele ya karatasi nyeupe. Alama ya kidole ina thamani kwa kuwa ni ya mtu mmoja. Je, mji mzima ukiwa na kidole kimoja?

Akaandika ukurasa wa Jumamosi kwa mkupuo mmoja, bila kusimama. Akawaeleza wasomaji haiku ni nini, inatambulikaje, tano saba tano. Kisha akaandika sentensi ambayo katika miaka ishirini na sita ya kazi yake angemrudishia mtu yeyote na duara jekundu: kwamba katika haiku ya kwetu, m inayosimama peke yake haihesabiwi. Ni kanuni, aliandika. Asiyeifuata shairi lake halitachapwa. Akatoa mfano alioutunga papo hapo:

*Mpishi jikoni*
*chungu kinatokota*
*mlango u wazi.*

Na akawaomba watunge, walete gazetini, na wakipenda waandike popote penye ukuta.

Mhariri mkuu, bwana mnene aliyeogopa kila kitu isipokuwa chakula, alipitisha ukurasa ule bila kuusoma. Mashairi hayakuwahi kumletea matatizo.

Jumamosi saa nne simu ilianza kulia. Washairi wa zamani walikuwa wamechachamaa. Fundi baiskeli alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, safari hii mikono mitupu. "Mama Mizani," alisema kwa huzuni, "m ni silabi. Wewe ndiye ulinifundisha." Akaondoka bila kungoja jibu, na hilo lilimuuma kuliko simu zote.

Lakini wengine, wale ambao hawakuwahi kutunga hata ubeti kwa kuogopa kalamu yake, waliona mlango umefunguliwa. Silabi kumi na saba, nani anashindwa? Kufika jioni ya Jumapili kuta za mji zilikuwa zimejaa chaki. Sokoni, shuleni, kituo cha basi. Mshona viatu aliandika juu ya kibanda chake:

*Mteja wa jana*
*amechukua soli*
*kaacha mguu.*

Watu wakacheka, wakajibizana. Wengi waliandika juu ya bwawa pia, kwa kuwa ndiyo haiku waliyoijua kwanza. Na wote, kwa utiifu, waliruka m.

Jumatatu afisa alifika na hati imeshapigwa chapa. Mama Mizani aliipokea, akaisoma, akachukua kalamu.

"Nisaini wapi?" aliuliza. "Hapa? Inasema asiyehesabu m ndiye mhalifu. Nikishasaini utaanza na nani, mshona viatu au wanafunzi wa darasa la tano?"

Afisa aliutazama mkono wake wenye kalamu, kisha dirisha. Kwa mara ya kwanza alionekana amechoka.

"Umeharibu kazi yako ya maisha," alisema.

"Ni yangu."

"Nimepita mtaa wa chini nikija huku." Alikunja hati mara mbili, akaitia mfukoni. "Wiki iliyopita watu walikuwa wanafunga mizigo. Nilimwona mzee mmoja anang'oa mlango wake aende nao. Leo ameurudisha. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, kumbe ni mchezo wa gazeti." Akasimama. "Umemlinda mtu wako, mama. Kwaheri."

Mama Mizani alikaa pale mpaka hatua za afisa zilipokwisha kwenye ngazi. Kisha akasoma barua zilizorundikana mezani, moja baada ya nyingine. Ukuta unapiga chafya. Ukuta una mimba. Ukuta umeoa. Zote tano saba tano, zote zinachekesha.

Siku iliyofuata mdogo wake aliondolewa bwawani, akapelekwa ghala la mabomba upande wa pili wa mji kuhesabu misumari. Hakuna aliyewekwa mahali pake. Jioni alikuja nyumbani kwa dada yake, akakaa kizingitini.

"Umenificha vizuri," alisema. "M… mpaka maneno yenyewe hayaonekani."

"Sikufikiri. Nilikufikiria wewe tu."

"Najua, dada."

"Nitaandika kwenye ukurasa. Nitasema haikuwa mchezo."

Alijaribu. Lakini mhariri mkuu alikuwa ameshapata simu kutoka kwa wakubwa, na ukurasa wa mashairi ukawa umepewa tangazo la magodoro. Alimwambia Mama Mizani apumzike nyumbani mwezi mmoja, jino lipone.

Mvua zikaanza. Zikaja mapema, za mfululizo, zile zinazopiga mabati mpaka watu wanazungumza kwa ishara. Asubuhi ya pili ya mvua mdogo wake hakwenda ghalani. Alimpitia dada yake, wakashuka mtaa wa chini, wakaanza nyumba ya kwanza kando ya bomba la kwanza.

Mama Mizani alifungua mdomo kusema, na mdogo wake akamshika mkono. "Niache mimi."

Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mshonaji, ameshika sindano mdomoni. Bwana Kimya alisimama mbele yake, maji yanamchuruzika kofiani. "M… m… m…" Shingo ikamvimba. Mama Mizani alikuwa amezoea kumsaidia, tangu utotoni alikuwa anamtilia neno mdomoni; safari hii aliuma ulimi wake. "M… mimi ndiye niliyekuwa napima ukuta. M… mkono wangu unaingia ndani ya ufa. Hamisha watoto leo."

Ilichukua muda mrefu. Mshonaji hakucheka. Alitoa sindano mdomoni.

Walikwenda hivyo siku sita, nyumba kwa nyumba. Wapo waliofunga mlango. Wapo waliomwomba arudie ili wamuige baadaye. Yule mzee wa mlango alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, lakini mlango ukishang'olewa mara mbili bawaba hazishiki. Kwa hesabu ya mpima, nyumba mia na thelathini zilihama, watu na magunia na kuku, wakipanda mlima kwenye matope. Nyumba nyingine hazikuhama.

Siku ya saba, saa tisa alasiri, wawili hao walikuwa nusu ya mlima, wamebeba cherehani ya yule mshonaji kwenye nguzo, mmoja mbele mmoja nyuma. Mdogo wake ndiye aliyesimama kwanza. Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Haikuwa sauti kubwa mwanzoni, ilikuwa kama kitambaa kinachochanwa taratibu na mtu asiye na haraka. Kisha ukuta ukafunguka katikati, na kilichotoka hakikufanana na maji. Kilikuwa cha rangi ya kahawia na kilikuwa na urefu wa nyumba.

Walisimama na cherehani mabegani, hawakuweza hata kuiweka chini. Bomba la saba lilikwenda, la sita, la tano. Ndani ya dakika chache mtaa wa chini haukuwa mtaa tena.

Walizikwa watu arobaini na watatu. Yule mzee alipatikana siku ya nne.

Tume iliundwa, ikakaa katika ukumbi wa shule. Bwana Kimya alisimama kutoa ushahidi kuanzia asubuhi mpaka karibu na saa nane, na mwenyekiti alipotaka kumharakisha, watu waliokaa nyuma walianza kunung'unika, mwenyekiti akaacha. Alitaja ripoti zote kumi na moja kwa tarehe. Afisa wa idara aliitwa, akaleta faili lake la kaki. Alikuwa ameandika kila shairi, kila bomba, kila siku, kwa usahihi mkubwa. Alisema yeye aliagizwa kumtafuta mwandishi. Hakuna aliyemwagiza kuuangalia ukuta.

Mama Mizani naye aliulizwa. Mwenyekiti alitaka kujua kama alifahamu, alipoandika ukurasa ule wa Jumamosi, kwamba maneno ya kwenye mabomba yalikuwa ya kweli.

"Nilifahamu," alisema. "Nilikuwa nimetia mkono humo."

"Na bado ukayafanya mchezo?"

"Ndiyo."

Mshonaji, aliyekuwa amekaa safu ya pili, alimtazama kwa muda mrefu, kisha akageuza uso.

Tume iliandika kwamba mvua zilizidi kiasi. Mkuu wa idara alistaafu na sherehe ndogo. Mdogo wake alipata kazi ya pampu katika mji mwingine, tambarare, usio na bwawa, na dada yake akahamia kwake kwa kuwa hakuwa na mahali pengine ambapo watu hawakumjua. Wana vyumba viwili na ua. Gazeti lilimwandikia mara moja kumwomba arudishe ukurasa, wasomaji wanauulizia. Aliisoma barua hiyo akiwa amesimama jikoni, akaiweka chini ya sufuria ili isipeperuke, akaendelea kuchambua mchele.

Majuzi mdogo wake alirudi kazini na habari aliyoisikia kwa dereva wa lori: ukuta mpya umeanza kujengwa, palepale, na mtaa wa chini viwanja vinapimwa tena.

"Nani m… mpima wao?" aliuliza Mama Mizani, na hakujua kwa nini herufi ile ilikwama kwake.

"Hawajamwajiri bado," alisema mdogo wake, akainama kufungua viatu.